Cape Town na mashamba ya zabibu kwa begi la mgongoni: panga kwa upepo, kalenda baadaye

Kabla hujalipia chochote Cape Town, jua kwanza habari za upepo. Kuanzia kama Oktoba mpaka Machi, ambayo ndiyo miezi ya jua na watu wengi wanaenda, kuna upepo wa kusini mashariki unashuka pale mjini kwa nguvu mpaka unaona watu wazima wanashika nguzo za taa kwenye kona, wenyeji wanauita Cape Doctor maana zamani waliamini unasafisha hewa ya mji, na siku ukiamua kuvuma kweli gari la kamba la Table Mountain linafungwa, boti ya Robben Island inaweza isiondoke, na ufukweni Camps Bay mchanga unakuchapa miguu mpaka unaondoka mwenyewe bila kuambiwa. Watu wengi wanakuja na ratiba imeshapangwa siku kwa siku, Jumatatu mlima, Jumanne kisiwa, Jumatano waini, halafu Jumatatu upepo, Jumanne upepo, wanarudi nyumbani hawajaona kitu na hela imeshaenda.

Sasa we fanya hivi. Siku ya kwanza ambayo haina upepo ni ya mlima, hata kama ndio umefika jana na macho bado mazito. Kisiwa kata tiketi ya siku za mwanzo mwanzo ili wakiahirisha ubaki na siku za kupangiwa upya. Siku za upepo mkali zipeleke kwenye mashamba ya zabibu, kule ni bara na mabonde yamekingwa na milima, na hata ukivuma kidogo waini unaonjea ndani. Kila usiku kabla hujalala fungua utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, na usiangalie mvua tu, angalia kasi ya upepo wa kesho.

Mi nikichagua mwezi nachagua Machi, au mwishoni mwa Februari. Joto bado lipo, upepo umeanza kupoa, na ndio wakati wa kuvuna zabibu, matrekta yanapita barabarani yamejaa na maghala yote yananukia. Desemba kuna raha yake, jua linazama kama saa 2 usiku, ila Wasauzi wenyewe wako likizo na bei za vitanda zinapanda vibaya. Juni mpaka Agosti ni baridi na mvua, baridi ya kweli sio ya Njombe ya asubuhi tu, na vyumba vingi havina hita, ila hosteli zinashuka bei.

Makaratasi na kufika

Mtanzania na Mkenya hamna viza, mnapewa mpaka siku 90 kwa mwaka (Wakenya hiyo ilianza Januari 2023). Pasipoti nyingine nyingi za ukanda wetu zinahitaji viza na inachukua muda, kwa hiyo anza mapema. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, uwe na tiketi ya kurudi, na kadi ya homa ya manjano ibebe tu, chanjo iwe imeshapita siku 10. Usibishane na mtu wa kaunta kama nchi yako imo kwenye orodha au haimo, we toa kadi.

Kenya Airways wanaruka Nairobi mpaka Cape Town, Ethiopian wanaenda kupitia Addis. Ukipata tiketi ya bei nzuri ya Johannesburg, chukua, halafu pale unganisha na ndege za ndani kama FlySafair, ni masaa mawili hivi. Basi la Johannesburg mpaka Cape Town lipo, Intercape kwa mfano, ni kama kilomita 1,400 na utakaa humo karibu siku nzima na usiku wake, lakini ukishavuka Karoo, ile nyika kavu ya katikati, kwa macho yako unaielewa ile nchi vizuri zaidi, kama una muda usiidharau hiyo njia.

Vitu vidogo ambavyo watu wanasahau: soketi zao zina matundu matatu makubwa ya duara, chaja zetu za pini bapa haziingii kabisa, nunua adapta pale pale supamaketi, za uwanja wa ndege ni ghali. Laini ya simu wanasajili kwa pasipoti na anuani ya unapokaa, kwa hiyo uwe na anuani ya hosteli mkononi. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Maji ya bomba yananyweka, beba chupa yako ujaze, ila tumia kwa adabu maana ule mji mwaka 2018 ulikaribia kabisa kukaukiwa na watu hawajasahau. Hela ni randi, piga hesabu ya haraka kama shilingi 7 za Kenya au 140 na ushee za Tanzania kwa randi moja, inapanda na kushuka. Kadi ya benki inapokelewa karibu kila mahali mpaka kwenye vibanda vya kahawa, ila uwe na chenji za taxi na za vijana wanaolinda magari.

Pa kulala

Kitanda kwenye bweni la hosteli ni kati ya randi 250 na 500 kutegemea msimu na mtaa. Mtaa ndio muhimu kuliko hosteli yenyewe. Katikati ya mji, kuzunguka Long Street na Kloof Street, uko karibu na kila kitu na kelele za usiku ni zako. Green Point na Sea Point ni kutulivu zaidi, una ile njia ndefu ya kutembea pembeni ya bahari ambayo jioni mji mzima unatoka, wazee, watoto, mbwa, watu wa mazoezi, na haina kiingilio. Observatory, wenyeji wanaiita Obs, ni ya wanafunzi na wasanii na chakula rahisi, ila uko mbali kidogo na bahari. Muizenberg ni kwa anayetaka kujifunza kuteleza na mawimbi. Mi kwa mtu wa mara ya kwanza namwambia Green Point au Gardens, mtaa wa kule Kloof Street, azunguke akitokea hapo.

Chagua hosteli yenye jiko. Supamaketi za Checkers na Shoprite zipo, unga wa mahindi upo, nyama ni bei nzuri, ukipika chakula cha jioni mara kadhaa unaokoa hela za kutosha kulipia siku nzima ya mashamba ya zabibu.

Kuzunguka na kuwa salama

Kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini ni kama kilomita 20, wengi wanachukua Uber au Bolt na mkiwa wawili watatu mkagawana haiumi. Ndani ya mji kuna mabasi ya MyCiTi, masafi na yana njia zake, unapanda kwa kadi ya kuongeza salio. Halafu kuna taxi, na taxi kwao ni hiace, yenye konda anayetoa kichwa dirishani anaita Wynberg, Claremont, Mowbray, na wakati mwingine anakusukuma uingie kwa upendo. Mchana kwenye barabara kuu ile ya Main Road panda bila wasiwasi, lipa chenji kupitia abiria wa mbele yako, na ukitaka kushuka sema kwa sauti. Usiku usipande, ita Uber.

Usalama niseme ukweli bila kutisha mtu. Cape Town ni mji mzuri sana ambao umegawanywa vibaya sana, na wizi upo. Giza likiingia usitembee kwa mguu katikati ya mji hata kama ni mitaa mitatu tu. Simu usiishike mkononi ukiangalia ramani barabarani, ingia dukani uangalie. Mtu akikusimamisha akakwambia ili upite mtaa huu unahitaji kibali na anakupeleka kwenye ATM ukapate kibali, huyo ni mwizi, hakuna kibali cha namna hiyo, ondoka tu usimjibu. Na kwenye ATM yoyote usikubali msaada wa mtu. Tumia mashine zilizo ndani ya maduka. Namba ya dharura kwa simu ya mkononi ni 112.

Kuna la kwetu pia. Sisi wageni Waafrika kuna wakati tunaangaliwa tofauti na mzungu mwenye begi lile lile, na chuki kwa wageni kule imeshaua watu, sio siri. Katika utalii wa kawaida huwezi kuiona sana, ila nakala ya pasipoti tembea nayo, na kama kuna vuguvugu la maandamano mjini uliza hosteli maeneo ya kukwepa. Salamu inasaidia kuliko unavyodhani, Wakhosa ni wengi, msalimie mtu molo, mshukuru enkosi, unaona uso umefunguka. Na usishangae ukisikia Kiswahili cha Temeke kabisa chini ya madaraja ya barabara pale Foreshore karibu na bandari. Ni vijana wetu, wengi walifika kwa kuzamia meli au wanasubiri meli ya kuzamia, maisha yao ni magumu mno. Salimia kama unavyosalimia ndugu, ukiwa na chakula wagawie, usiwapige picha.

Mlima

Table Mountain una mita 1,086 na kupanda kwa mguu ni bure. Hapo msafiri wa begi ndio anapopata haki yake, kwa sababu gari la kamba ni ghali na foleni ya Desemba inaweza kula nusu siku. Njia ya moja kwa moja inaitwa Platteklip Gorge, inaanzia barabara ya Tafelberg, unapita kituo cha chini cha gari la kamba unaendelea kama kilomita moja na nusu hivi mpaka unaona kibao. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, masaa mawili mpaka matatu, hamna sehemu ya hatari ila magoti yatakutaja jina. Inaangalia kaskazini kwa hiyo jua lote ni lako, anza asubuhi kukiwa bado na ubaridi, lita mbili za maji kila mtu, kofia, na jaketi hata kama chini ni joto la fulana, maana juu hali inabadilika ndani ya dakika chache, lile wingu jeupe wanaloita kitambaa cha meza linashuka na huoni mbele.

Mpango ninaoupenda ni kupanda kwa mguu na kushuka kwa gari la kamba, unakata tiketi ya upande mmoja. Sakafu ya kile kibanda inazunguka yenyewe kwa hiyo usigombanie dirisha. Tiketi ya gari la kamba kata siku hiyo hiyo baada ya kuona mbingu, na kabla hujaanza kupanda hakikisha linafanya kazi, kama limefungwa ujue utashuka kwa miguu ile ile iliyokupandisha. Mwishoni mwa Julai huwa wanalifunga kwa matengenezo. Ukifika juu usiishie kwenye kaunta ya chai na picha, tembea mpaka Maclear's Beacon, ni kama saa moja kwenda, tambarare, hapo ndipo kilele chenyewe na watu wengi hawafiki. Angalia maua, fynbos wanayaita, mimea ya eneo hilo mingi haipatikani sehemu nyingine yoyote duniani.

Lion's Head ni mdogo wake, mita 669, saa moja na kitu kupanda, kuna ngazi za chuma na minyororo ya kushikilia karibu na juu. Mwezi ukiwa mpevu watu wanapanda jioni kwa makundi. Mlima wowote usipande peke yako, uwe na kundi, nne ni namba nzuri, na vibaka wanajua njia zisizo na watu, kwa hiyo fuata zile zenye watu. Hosteli ndio mahali pa kupata kundi, andika kwenye ubao au uliza tu wakati wa kifungua kinywa. Namba ya waokoaji wa milimani ni 021 937 0300, iingize kwenye simu kabla hujaanza.

Kisiwa, Bo-Kaap na District Six

Boti ya Robben Island inaondokea Nelson Mandela Gateway pale Waterfront, safari nzima ni kama masaa matatu na nusu. Mandela alikaa kisiwani humo miaka 18 kati ya ile 27. Kwa muda mrefu wanaokutembeza gerezani wamekuwa watu waliofungwa humo wenyewe, na wanazeeka, kwa hiyo usiahirishe kwenda ukasema safari ijayo. Ukiwa Mtanzania sema umetoka Tanzania. Mazimbu kule Morogoro ANC walikuwa na shule yao, Solomon Mahlangu Freedom College, tuliwapa ardhi na kuna makaburi yao mpaka leo, na wazee wa harakati wanaijua Morogoro kwa jina.

Bo-Kaap ni ule mtaa wa nyumba za rangi rangi unaouona kwenye kila picha. Wanaishi Waislamu ambao mababu zao wengi waliletwa kama watumwa na wafungwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, wengine kutoka visiwa vya Indonesia, wengine India, Madagaska na pwani ya Msumbiji. Msikiti wa Auwal pale ulianza 1794, wa kwanza Afrika Kusini. Nenda mapema kabla ya mabasi ya watalii, salimu, omba ruhusa kabla hujapiga picha mlango wa mtu, ni nyumba za watu na wamechoka kweli kukuta wageni wamekaa kwenye ngazi zao. Jumapili asubuhi tafuta koesister, sio ile ya kusuka ya Makaburu, ni ya Wamalei, ndio hao Waislamu wa Bo-Kaap, unga umetiwa iliki na viungo, inakaangwa, inachovywa kwenye shira na kuviringishwa kwenye nazi. Mtu wa Tanga au Mombasa akiuma ile anajua kabisa ni ndugu ya mahamri aliyepotelea kusini. Habari njema kwa Waislamu ni kwamba chakula halali Cape Town kimejaa, mpaka mikahawa ya kawaida ina alama, hutapata shida.

Kutoka hapo tembea mchana mpaka makumbusho ya District Six, mtaa wa Buitenkant. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ilitangaza mtaa ule ni wa wazungu, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa kwa buldoza. Sakafuni wametandika ramani ya mtaa na waliokuwa wakazi wameandika wenyewe nyumba yao ilikuwa wapi. Baada ya hapo utaelewa kwa nini ukiruka na ndege unaona Cape Flats, zile tambarare za nje ya mji walikohamishiwa watu, imejaa vile na katikati ya mji pana nafasi tupu za majani.

Treni ya kusini

Hii ndio siku ya bei ndogo kuliko zote na watu wanailipia mamia kwa kampuni za utalii. Kutoka stesheni kuu panda treni ya Metrorail ya Southern Line inayokwenda Simon's Town, mchana, kwenye behewa lenye watu, kaa upande wa kushoto. Kuanzia Muizenberg reli inapita pembeni ya bahari kabisa, mawimbi yanarusha maji karibu na dirisha. Shuka Muizenberg uone vibanda vya rangi, tembea mpaka St James kuna bwawa la kuogelea lililojengwa kwenye maji ya bahari, halafu Kalk Bay kula samaki na chipsi bandarini. Upande huu maji ni afadhali. Upande wa Camps Bay na Clifton ni mkondo wa baridi kutoka kusini, maji yanakata mifupa hata kwenye jua kali, mtu wa Bahari ya Hindi unaingia mpaka magoti unatoka unacheka. Uliza kwanza kama treni inafika Simon's Town siku hiyo, maana mchanga huwa unafunika reli na wanaikatisha Fish Hoek.

Boulders iko kama kilomita mbili na nusu mpaka tatu kutoka stesheni ya Simon's Town. Pale pengwini wa Afrika wanaishi ufukweni katikati ya mawe makubwa, na mwaka 2024 wametangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, kwa hiyo kaa kwenye njia ya mbao na usijaribu kumshika, anauma vizuri tu. Hapa kuna jambo la hela: viingilio vya hifadhi za taifa vina madaraja matatu, wenyeji, raia wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Mtanzania, Mkongo, Mmalawi unalipa ya SADC ambayo ni nafuu sana kuliko ya mzungu, lakini lazima uonyeshe pasipoti yenyewe. Hiyo inafanya kazi na Cape Point pia. Cape Point haina treni wala basi la kawaida, kodisheni gari watu wanne, mrudi kwa njia ya Chapman's Peak, kilomita 9 zimechongwa kwenye ukuta wa mlima juu ya bahari, kuna ushuru wa barabara na kila senti inastahili. Wanaendesha kushoto kama sisi.

Mashamba ya zabibu

Watu wa begi wanaogopa huku wakidhani ni kwa matajiri tu. Si kweli. Kuonja waini kwenye shamba la kawaida ni kama randi 100 mpaka 200, unapewa glasi nne tano za kidogo kidogo, unakaa chini ya miti ukiangalia milima ya buluu, na mashamba mengine ukinunua chupa wanakusamehe hela ya kuonja. Kinachokula hela ni usafiri, kwa hiyo hapo ndipo pa kutumia akili.

Kama una siku moja tu usitoke mjini, nenda Constantia. Groot Constantia ilianza 1685, ndio shamba kongwe kuliko yote, na lile basi jekundu la watalii la kupanda na kushuka lina njia inayopita mashamba ya huko. Waini tamu ya Constantia ilipelekwa mpaka kwa Napoleon akiwa kifungoni St Helena.

Ukiwa na siku mbili tatu hamia Stellenbosch kabisa, usiende na kurudi. Ni kama kilomita 50 kutoka Cape Town, mji wa 1679, wa chuo kikuu, mialoni kila mtaa na nyumba nyeupe za Kiholanzi, na kwa sababu ya wanafunzi kuna pa kulala na pa kula kwa bei ya kawaida. Treni zipo na ni rahisi ila haziaminiki, uliza siku hiyo, nenda mchana tu. Uber kutoka mjini mkiwa watatu inalipa. Pale mjini kodisha baiskeli, mashamba kadhaa yako karibu, na asubuhi kabla ya waini nenda kutembea Jonkershoek, bonde lenye milima pande zote na maporomoko ya maji.

Franschhoek iko kama kilomita 30 zaidi, ng'ambo ya mlima. Wafaransa wa dini ya Kiprotestanti waliokimbia kwao walifika 1688 na majina ya mashamba bado ni ya Kifaransa. Hapa chukua ile Wine Tram, tramu na basi zinazunguka kwenye mashamba, unachagua laini yako, unashuka shambani unaonja, inakuja nyingine unapanda. Tiketi haijumuishi hela ya kuonja. Msimu wa Desemba na Januari ikate mapema, na hii ndio siku pekee ambayo nakuruhusu kuifunga kabla ya kuona upepo. Angalia sana na kurudi: jioni Uber za kule ni chache mno, ama ulale Franschhoek ama upange gari la kurudi kabla hujaanza glasi ya kwanza. Na anayeendesha asionje kabisa, polisi wanapima.

Namna ya kuonja, kwa ambaye hajawahi. Kula kwanza, chakula cha kweli. Anza na zenye povu, halafu nyeupe, halafu nyekundu, tamu mwisho. Zungusha glasi, nusa, piga fundo dogo, liache mdomoni, halafu meza au tema kwenye ile ndoo ya mezani. Kutema sio dharau, wajuzi wenyewe wanatema. Mashamba matatu kwa siku yanatosha, ya nne hutaikumbuka. Kunywa maji kila katikati. Uliza maswali yoyote, wanaomimina wengi ni vijana wa pale pale na wanafurahi ukiuliza. Jaribu chenin blanc, ndio zabibu inayolimwa kwa wingi kule, na pinotage, ambayo ni yao wenyewe kabisa, Profesa Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch 1925. Kwa Mtanzania ambaye anaijua Dodoma kwa zabibu ni shule nzuri hii, uone zao lile lile linaweza kubeba mji mzima, hoteli, chuo, reli na kazi za watu.

Usiyekunywa pia njoo. Babylonstoren karibu na Paarl wana bustani ya matunda na mboga ambayo unaweza kukaa nusu siku, kuna kiingilio. Fairview wana jibini na mnara ambao mbuzi wanapanda ngazi za nje. Vergenoegd kila siku wanatoa bata kwa mamia wakaenda kula konokono shambani. Mashamba mengi yana juisi ya zabibu.

Na kuna jambo ambalo lazima lisemwe. Mashamba yale mazuri yalijengwa na watumwa, ukiona kengele kubwa imetundikwa kwenye nguzo nyeupe uani, mara nyingi ndiyo iliyokuwa inawaita kazini. Utumwa ulifutwa 1834 lakini baadaye wafanyakazi waliendelea kulipwa sehemu ya mshahara kwa waini, mfumo wa dop, na familia nyingi za huko ziliharibiwa na ulevi kwa vizazi. Kwa hiyo unapochagua pa kupeleka hela yako, chagua. Uliza kama wafanyakazi wana hisa au nyumba. Dukani tafuta lebo ya Aslina, ni ya Ntsiki Biyela, dada wa KwaZulu-Natal aliyesomea Stellenbosch akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini humo kuwa mtengeneza waini, na jina la lebo ni la bibi yake aliyemlea. Na ukipita barabara ya kati ya Franschhoek na Paarl simama dakika chache nje ya gereza la Drakenstein, zamani Victor Verster. Mandela alitoka kwenye geti lile kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, na sanamu yake imesimama hapo ngumi juu, katikati ya mizabibu.

Chupa za kurudi nazo, forodha za Afrika Mashariki zinakuruhusu mvinyo usiozidi lita 2 bila ushuru kama umefika miaka 18, kwa hiyo chupa mbili za kawaida zinapita bila maneno. Zifunge kila moja kwenye suruali ya jinzi, uziweke katikati ya begi linaloingia tumboni mwa ndege, la mkononi hawatakukubalia kama umenunua mjini.